Baki imekataa? Dalili za kukosea kugawanya polinomia na jinsi ya kujua kosa lipo wapi

Kama upo kidato cha tano au cha sita hapa Dar, swali la kutafuta baki ya polinomia umeshakutana nalo na utakutana nalo tena, kwenye testi, kwenye mtihani wa majaribio, mpaka NECTA. Ni swali fupi, kalamu ikitembea vizuri dakika chache umemaliza, ila ndo swali ambalo naona madogo wa tyusheni wanaliachia maksi kila siku, alafu mtu akigundua jibu limekataa anafanya kitu kimoja tu, anakata yote anaanza upya, na kwa sababu hajajua kosa lilikuwa wapi anaenda kulirudia palepale. Hicho ndo kinaniuma. Kosa kwenye baki linaacha alama, na ukizijua alama zake unaenda moja kwa moja kwenye mstari wenye tatizo unarekebisha huohuo, mistari mingine unaiacha.

Humu ^ ni kipeo, yaani x^3 ni x kipeo cha tatu, ndo inavyoandikika kirahisi kwenye simu.

Kwanza shika huu mlinganyo

P = K × J + B

P ni polinomia inayogawanywa, K ni kigawanyo, J ni jibu unaloandika juu, B ni baki. Na kuna sharti moja, digrii (yaani kipeo kikubwa kuliko vyote) ya B lazima iwe ndogo kuliko digrii ya K. Kila dalili ntakayoitaja huko chini dawa yake imetoka kwenye huu mstari mmoja. Hata kanuni ya baki yenyewe imetoka hapa: kama K ni x - 2, ukiweka x = 2 basi K inakuwa sifuri, K × J yote inaondoka, upande wa kulia anabaki B peke yake. Kwahiyo P(2) ndo baki. Basi, hakuna kingine. Mtu aliyekariri "weka namba upate baki" bila kujua kwamba siri ni K kugeuka sifuri, huyo siku akipewa kigawanyo chenye x^2 anakwama, na nawaona wanavyokwama.

Tuchukue wa kuanzia: 2x^3 - 5x^2 + 4x - 7 gawanya kwa x - 2. P(2) = 16 - 20 + 8 - 7 = -3. Ukigawanya kwa njia ndefu unapata juu 2x^2 - x + 2 na baki -3. Zote mbili zimekubaliana, tuendelee kwenye zile zinazokataa.

Dalili: njia ndefu inatoa baki hii, kuweka namba kunatoa baki nyingine

Hii ndo inayoongoza, na chanzo chake kinaweza kuwa pande zote mbili, kwahiyo usikimbilie kulaumu njia ndefu.

Anza na kuweka namba kwa sababu ndo rahisi kukagua. Kigawanyo kikiwa x + 3, unaweka ngapi? Madogo wengi wanaweka 3 kwa sababu ndo namba wanayoiona. Jiulize x ingapi inaifanya x + 3 iwe sifuri, jibu ni -3. Chukua x^3 + 2x^2 - 5x + 1 gawanya kwa x + 3. Ukiweka -3 unapata -27 + 18 + 15 + 1 = 7. Ukiweka 3 unapata 27 + 18 - 15 + 1 = 31, na 31 hiyo sio namba ya ovyo, ni baki halali kabisa ila ya kugawanya kwa x - 3, swali ambalo hujaulizwa.

Kama hapo uko salama basi rudi kwenye njia ndefu, na huko ugonjwa ni mmoja, kutoa namba hasi. Tuifanye hiyohiyo. x^3 ukigawanya kwa x ni x^2, zidisha upate x^3 + 3x^2, toa, unabaki na -x^2 - 5x. Juu unaandika -x, unazidisha unapata -x^2 - 3x, sasa unatoa: -5x toa -3x. Hapa ndo watu wanaanguka. -5x - (-3x) ni -2x, ila mkono ukiwa na haraka unaandika -8x. Ukiandika -2x unaendelea mpaka unapata juu x^2 - x - 2 na baki 7, safi. Ukiandika -8x unaendelea vilevile bila kushtuka, juu unapata x^2 - x - 8 na baki 25.

Sasa angalia kitu ambacho nataka ukishike kuliko vyote humu. Wengi wamefundishwa kukagua kwa kuweka x = 0, manake ni rahisi, unazidisha namba za mwishomwisho tu. Kwenye jibu lililokosewa: 3 × (-8) + 25 = 1, na kwenye swali namba ya mwisho ni 1, imekubali! Mtu anafurahi anahamia swali jingine na jibu lake bovu. Sababu ni kwamba x = 0 inakagua ile hatua ya mwisho peke yake, na hatua ya mwisho alifanya vizuri, kosa lilikuwa nyuma yake. Ukiweka x = 1 inakamata: P(1) = 1 + 2 - 5 + 1 = -1, upande wa pili 4 × (-8) + 25 = -7. Hazilingani, basi kuna kosa. Kwahiyo x = 0 peke yake isikupe amani hata siku moja.

Na kujua kosa lipo mstari gani? Zidisha kurudi. (x + 3)(x^2 - x - 8) + 25 inatoa x^3 + 2x^2 - 11x + 1. Ilinganishe na swali: x^3 sawa, 2x^2 sawa, x imekataa (swali lina -5x, wewe una -11x), namba ya mwisho sawa. Safu iliyokataa ndo safu uliyokosea kutoa. Rudi kwenye safu ya x, rekebisha -8x iwe -2x, malizia kuanzia hapo tu, juu yake huna haja ya kugusa. Nimewaonyesha hii madogo wengi na unaona kabisa mtu anavyobadilika, kutoka kukata ukurasa mzima mpaka kurekebisha mistari miwili.

Dawa ya kudumu ya kutoa hasi ni mabano. Andika mabano kwenye mstari wote unaotoa, weka alama ya kutoa mbele, alafu geuza alama zote za ndani, kisha jumlisha. Inaonekana ni kazi ya ziada, ila inaokoa.

Kidogo kuhusu x = 1: kama kigawanyo chenyewe ni x - 1, basi ukiweka 1 K inakuwa sifuri na utakuwa unakagua baki tu, jibu la juu halijaguswa. Hapo tumia x = 2 au x = -1.

Dalili: jibu la juu lina digrii ndogo kuliko inavyotakiwa

Ukigawanya polinomia yenye x^4 kwa x - 2, jibu la juu lazima lianze na x^3. Kipeo kikubwa cha swali toa kipeo kikubwa cha kigawanyo, ndo kipeo cha jibu. Ukiona umepata juu x - 3, kuna vipeo umeviruka.

Mfano x^4 - 5x + 2 gawanya kwa x - 2. Hakuna x^3, hakuna x^2. Mtu anayetumia njia ya sinthetiki (unaandika namba za mbele ya x tu, unashusha ya kwanza, kisha kila mara unazidisha kwa ile namba inayofanya K iwe sifuri na kujumlisha na inayofuata) anaandika 1, -5, 2, anashusha, anapata 1, -3, -4, anasema baki ni -4. Hiyo -4 ni baki ya x^2 - 5x + 2, polinomia nyingine kabisa. Unatakiwa kuandika 1, 0, 0, -5, 2, unapata 1, 2, 4, 3, 8. Jibu la juu x^3 + 2x^2 + 4x + 3, baki 8. Hakikisha kwa kuweka 2: 16 - 10 + 2 = 8.

Sifuri inashika nafasi ya kipeo ambacho hakipo, kama ilivyo kwenye 1,002, ukizifuta sifuri inakuwa 12. Kwenye njia ndefu pia ni hivyohivyo, andika + 0x^3 + 0x^2 au acha nafasi wazi, na kama una daftari lenye miraba litumie kwenye haya maswali, kila kipeo kikae kwenye safu yake. Kwenye kaunta buku lenye mistari ya kawaida safu zinahama, x^2 inajikuta chini ya x, na mtu anatoa vitu visivyofanana.

Pia wanaotunga mitihani wanapenda kukuchanganyia mpangilio, wanakupa 3 - 2x + x^3. Panga upya kwanza kuanzia kipeo kikubwa.

Dalili: baki bado ina x na kigawanyo ni x toa namba

Hujamaliza kugawanya. Maandazi 17 kwa watu 5, ukisema kila mtu 2 na baki 7 nani atakukubalia, hayo 7 bado yanagawanyika. Kigawanyo chenye x peke yake, baki lazima iwe namba tupu. Kigawanyo chenye x^2, baki inaweza kuwa na x ila sio x^2. Endelea kushusha.

Dalili: kalkuleta inakupa namba ya mbali sana na njia ndefu

Hii naiona zaidi kwa wenye kalkuleta kuliko wanaopiga kwa mkono. Chukua x^4 + 2x^3 - x + 5 gawanya kwa x + 3. Unaweka -3. Ukiandika kwenye kalkuleta -3^4 bila mabano, inafanya kipeo kwanza alafu inaweka hasi, unapata -81. Ulitakiwa kuandika (-3)^4 ambayo ni 81. Baki sahihi ni 81 - 54 + 3 + 5 = 35, ila ya kalkuleta bila mabano ni -127.

Angalia tofauti ya 35 na -127, ni 162, ambayo ni 81 mara mbili. Hiyo ndo alama ya huu ugonjwa: ukiona tofauti kati ya majibu mawili ni mara mbili ya namba inayotoka kwenye kipeo shufwa (cha 2, cha 4, cha 6), ni mabano. Vipeo witiri havisumbui kwa sababu -3^3 na (-3)^3 zote ni -27, ndo maana mtu anaweza kumaliza wiki nzima anapata tu, alafu swali moja lenye x^4 linamwangusha na haelewi kwanini. Njia nzuri ni kuhifadhi -3 kwenye herufi A ya kalkuleta alafu uandike A^4 + 2A^3 - A + 5, hapo mabano yanajishughulikia yenyewe.

Dalili: kigawanyo ni 2x - 1 na jibu la juu limekuwa mara mbili

Weka x inayofanya 2x - 1 iwe sifuri, yaani nusu. Kwa 4x^3 - 2x^2 + 6x + 1 unapata 0.5 - 0.5 + 3 + 1 = 4. Baki ni 4, imeisha kama swali linataka baki tu.

Shida inakuja ukiambiwa utoe na jibu la juu, ukatumia sinthetiki kwa nusu. Unapata 4, 0, 6, na baki 4. Mtu anaandika 4x^2 + 6. Lakini sinthetiki ya nusu imegawanya kwa x - ½, sio 2x - 1, na 2x - 1 ni mara mbili ya x - ½. Kigawanyo kikikua mara mbili jibu la juu linapungua nusu, linakuwa 2x^2 + 3. Baki haiguswi. Hapo kwenye baki kuna wanaonogewa na nusu, wanagawanya na baki kwa mbili wanaandika 2, hapana. Zidisha kurudi uone: (2x - 1)(2x^2 + 3) = 4x^3 - 2x^2 + 6x - 3, jumlisha 4, unapata swali lako.

Kuna ndugu yake huyu. Swali ni 2x^2 + 6x + 10 gawanya kwa 2x - 2, mtu anaona kila kitu kinagawanyika kwa 2, anarahisisha juu na chini, inakuwa x^2 + 3x + 5 kwa x - 1, anapata baki 9. Baki ya swali lenyewe ni 18. Ukirahisisha pande zote mbili, jibu la juu halibadiliki ila baki inabadilika, lazima uizidishe kurudi. Kwenye namba za kawaida ni hivyohivyo, 34 kwa 12 inabaki 10, ila 17 kwa 6 inabaki 5.

Dalili: umepata baki mbili na hujui uandike ipi

Hapa ndo penyewe, hapa ndo mtu aliyekariri anatengana na anayeelewa. Swali: x^3 + 2x^2 - 3x + 4 gawanya kwa x^2 - x - 2. Dogo anajua kufakta, anapata (x - 2)(x + 1), anaweka 2 anapata 14, anaweka -1 anapata 8. Alafu ananiuliza, ticha, baki ni 14 au 8? Mwingine anajumlisha anaandika 22.

Rudi kwenye mlinganyo. Kigawanyo kina x^2, kwahiyo baki inaruhusiwa kuwa na x, iandike ax + b. P = (x - 2)(x + 1) × J + ax + b. Ukiweka 2, K inaondoka, inabaki 2a + b = 14. Ukiweka -1, inabaki -a + b = 8. Zile namba mbili sio baki, ni thamani za baki sehemu mbili tofauti. Toa: 3a = 6, a = 2, b = 10. Baki ni 2x + 10. Fanya kwa njia ndefu uone kama hutapata hiyohiyo.

Ukishaelewa hapo, yale maswali ya "polinomia fulani ikigawanywa kwa x - 1 inabaki 3, kwa x + 2 inabaki -3, tafuta baki ikigawanywa kwa (x - 1)(x + 2)" hayakusumbui tena hata kama polinomia yenyewe hujapewa. a + b = 3, -2a + b = -3, a = 2, b = 1, baki 2x + 1. Hakuna kuzidisha 3 kwa -3.

Sasa matatizo ya ndani ya hili tatizo.

Kigawanyo ni (x - 1)^2 na unapata mlinganyo mmoja tu wa kutafuta herufi mbili. Ukiweka 1 mara mbili hupati kitu kipya, ni mlinganyo uleule. Gawanya mara mbili kwa sinthetiki. Mfano x^5 - 3x + 4: andika 1, 0, 0, 0, -3, 4, tumia 1, unapata 1, 1, 1, 1, -2, baki 2. Chukua hizo 1, 1, 1, 1, -2 ugawanye tena kwa 1, unapata 1, 2, 3, 4, baki 2. Baki ya swali ni baki ya pili mara (x - 1) jumlisha baki ya kwanza: 2(x - 1) + 2 = 2x. Kama umeshasoma kutafuta mteremko wa mstari kwa kudiferenshieti, ni haraka zaidi: kipeo kinashuka mbele, 5x^4 - 3, weka 1 unapata 2, hiyo ndo a. Alafu a + b = P(1) = 2, b ni 0. Jibu lilelile 2x.

Kigawanyo ni x^2 + 1 na kalkuleta inaandika Math ERROR. Inaandika hivyo kwa sababu unailazimisha itafute kipeuo cha -1. Huna haja. Unachotaka ni K iwe sifuri, yaani x^2 + 1 = 0, yaani x^2 = -1. Basi kila unapoona x^2 weka -1. Kwa x^7 + 2x^4 + 3x^3 + 5: x^7 ni (x^2)^3 mara x, inakuwa -x, x^4 inakuwa 1, x^3 inakuwa -x. Jumla -x + 2 - 3x + 5 = -4x + 7. Mistari miwili, wakati njia ndefu ingekula nusu ukurasa. Hii njia naipenda kuliko zote na nashangaa inafundishwa kwa watu wachache hivi. Inafanya kazi hata kwa x^2 + x + 1, manake (x - 1)(x^2 + x + 1) ni x^3 - 1, hapo x^3 inageuka 1, kwahiyo x^100 gawanya kwa x^2 + x + 1 inabaki x.

Na ukipata baki yenye namba kubwa ya kutisha usiifute. x^100 gawanya kwa (x - 1)(x - 2): a + b = 1, 2a + b = 2^100, a = 2^100 - 1, b = 2 - 2^100. Iache hivyohivyo, ndo jibu.

Naomba niweke hapa kitu nje ya mtihani, kwa wale wanaouliza hivi vitu vinasaidia nini. Ile karatasi ya QR iliyobandikwa dukani unayoiskani kulipa, ikiwa imechubuka kidogo au ina doa bado inasomeka. Inasomeka kwa sababu ndani yake data imechukuliwa kama polinomia, imegawanywa kwa polinomia maalumu, na baki yake imeandikwa pembeni ya data kwenye zilezile miraba nyeusi na nyeupe. Ni njia iliyotolewa mwaka 1960 na Reed na Solomon. Hesabu zake sio za namba za kawaida tulizozoea, ila mlinganyo ni uleule wa P = K × J + B. Na sinthetiki tunayoitumia darasani, Horner wa Uingereza aliichapisha mwaka 1819, Ruffini wa Italia alikuwa ameshaitumia kabla yake, na China Qin Jiushao aliandika njia kama hiyo mwaka 1247.

Dalili: umepata a na b nzuri kabisa ila umekosa swali

Hii ni ya hatari kwa sababu haina sura ya kosa. Swali: x^3 + ax^2 + bx - 6, x - 2 ni kigawo chake, na ikigawanywa kwa x - 1 inabaki -8. Tafuta a na b.

Kigawo maana yake baki sifuri, P(2) = 0, unapata 2a + b = -1. Ya pili P(1) = -8, unapata a + b = -3. a = 2, b = -5.

Sasa mtu aliyezoea kuandika "= 0" kila mahali anaandika P(1) = 0, anapata a + b = 5, anatatua anapata a = -6, b = 11. Namba nzima, hazina sehemu, na polinomia yenyewe x^3 - 6x^2 + 11x - 6 inafakta vizuri (x - 1)(x - 2)(x - 3), mtu anaona imekaa vizuri mno haiwezi kuwa imekosewa. Imekosewa. Uzuri wa namba sio ushahidi, rudisha a na b kwenye sentensi zote mbili za swali, -8 itatoka au haitatoka. Kabla ya kuandika chochote zungushia duara maneno mawili kwenye swali, "kigawo" na "inabaki", alafu ndo uandike milinganyo.

Dalili: hesabu zote ziko sawa ila umepunguziwa maksi

Angalia ulichoulizwa. Ukiulizwa baki, andika -3, usiandike -3/(x - 2). Ile ya sehemu inaandikwa ukiambiwa utoe jibu zima la kugawanya. Na swali likisema "kwa kutumia kanuni ya baki" ukafanya njia ndefu, namba inaweza kuwa sahihi na maksi za njia zikaondoka.

Dalili: jibu lako haliendani na la nyuma ya kitabu au la desa ulilopewa

Usibadilishe jibu lako kwa kuogopa. Madesa yanayozunguka mtaani na kwenye magrupu yamechapwa kwa haraka, alama ya hasi inapotea kirahisi sana, kipeo kinashuka kinakuwa namba ya kawaida. Chukua x = 1, alafu x = 2, weka kwenye jibu lako na kwenye jibu lao, uone lipi linarudisha P. Likikubali lao na la kwako likakataa, zidisha kurudi la kwako utafute safu. Likikubali la kwako na lao likakataa, angalia kwanza kama swali umelinakili sawasawa, alama kwa alama. Kama limenakiliwa sawa, basi lao ndo lenye kosa, andika marekebisho pembeni ya desa kwa kalamu ili anayefuata kulitumia asipotee.